Koti la Marehemu Seth

Katika maisha yake yote Tryphosa hakuwahi kupewa sifa aliyoipenda kama ile aliyopewa na Bi Magdaline baada ya kumzika mumewe. Bi Magdaline alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikofundisha Tryphosa, mjini Nyeri, na tena kiongozi wa akina mama kanisani, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito wa pande mbili. Alimshika mkono mbele ya wanawake waliokuja na kuni na uji, akasema, "Wewe umebeba kilio yako kama mmoja wetu." Maana yake, Tryphosa hakupiga mayowe, hakujitupa chini, hakuzunguka nyumba akiimba na fimbo ya marehemu mkononi. Alikaa kitini, akasema asante, akalia ndani ya leso. Mluhya wa Maragoli, aliyeletwa huku milimani na uhamisho wa mumewe Seth, aliyekuwa polisi, sasa amekuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo aliivaa sifa ile kila alikokwenda, kama mtu mwenye nguo mpya anayeogopa kukalia benchi la vumbi.

Shida ilikuwa moja tu. Matanga ya Seth yalikuwa hayajaisha.

Kijijini kwao mtu huzaliwa na mtani wake amekwisha kumngoja. Mtani ni mtu wa ukoo wa jirani, mwenye ruhusa ya kukutukana ukiwa hai na wajibu wa kukutukana ukishakufa. Siku ya kumaliza kilio mjane humkabidhi koti la marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Mtani hulivaa, huingia kwa mwendo wa marehemu, na mjane humwuliza mbele ya watu, "Wewe ni nani?" Naye hujibu, "Mwenye nyumba." Hapo ndipo kicheko huanza. Atadai chai kama marehemu alivyodai, atagomba kama alivyogomba, atataja choyo chake na uvivu wake na uongo wake mdogo mdogo, mpaka wenye machozi washike mbavu. Kicheko kikiisha, mjane hufungua kitambaa cheusi kichwani na maisha huendelea. Bila hayo, wazee wa kwao husema, marehemu hubaki amesimama mlangoni, hajui kama ameruhusiwa kwenda.

Mtani wa Seth aliitwa Kefa. Naye alikuwa polisi, tena kituo chake kilikuwa Doldol, na siku ambayo moyo wa Seth ulisimama ghafla barabarani, Kefa alikuwa nyikani akifuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Habari zilimfikia Kefa wakati Seth ameshafunikwa udongo kule magharibi. Akaomba likizo, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Ilipita miezi. Tryphosa aliendelea kufunga kitambaa chake cheusi, na akina mama wa Nyeri, ambao hawakujua habari za mtani wala koti, walimsifu kwa kumkumbuka mumewe muda mrefu hivyo. Hakuwaeleza. Kusema kweli, kadiri likizo ya Kefa ilivyokawia, ndivyo alivyoomba Mungu izidi kukawia.

Lakini likizo hupatikana. Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya Nyeri inayoingia mpaka kwenye meno, Kefa alibisha mlango wa nyumba ya walimu akiwa na begi dogo na tabasamu pana, akamwita Tryphosa shemeji, akala ugali wote uliokuwepo. Kisha akaomba koti.

Lilikuwa koti zito la kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, ambalo Seth alilinunua Karatina na kulisifu mpaka watu wakachoka. Tryphosa alilitoa sandukuni. Lakini badala ya kumkabidhi hivi hivi, alilifunga kwa magazeti, akakaza kwa kamba, likawa kifurushi ambacho mpita njia angedhani ni nyama. Akamweleza Kefa mpango wake. Wangeifanya shughuli yenyewe humu humu ndani, jioni ya kesho, wawili watatu tu, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa, pole pole.

Kefa alikitazama kile kifurushi. "Shemeji," akasema, "umewahi kuona watu wanacheka pole pole?"

Tryphosa akajibu kwamba huku si kwao, kwamba ana heshima yake hapa, kwamba watu wa hapa huogopa mambo ya maiti na wangemwona mshenzi. Alisema mengi. Kefa hakubishana. Alikipokea kile kifurushi, akakiweka magotini kwake, akasema watazungumza baadaye. Tryphosa akaona afadhali wabadilishe hewa. Kila Jumapili jioni yeye na wenzake hualikwa kwa Bi Magdaline kutazama televisheni, na kutokwenda kungeleta maswali. Twende, alisema, kisha ukalale kwa Wasike, polisi mwenzako, kule laini za polisi, kwenye nyumba zao. Kefa alikwenda na begi lake na kifurushi chake kwapani.

Televisheni ya Bi Magdaline ilikuwa ndani ya kabati la mbao lenye milango yake na ufunguo wake, na mwenye ufunguo alikuwa Mzee Mathenge, mumewe, mzee wa kanisa, mtu aliyeifungua kila Jumapili kwa taratibu kama anayefungua sanduku la sadaka. Mwaka ule mchezo uliokuwa ukiwatoa watu majumbani uliitwa *Nyumba ya Mzee Yona*. Ulihusu familia moja ya magharibi iliyofiwa na baba, na kila wiki msiba ulikuwa ule ule na vituko vipya. Watoto wa marehemu wakagombania baiskeli. Mjane akaficha sukari wasiimalize wageni. Unacheka, mara unashangaa shavu limelowa. Kuna waliosema ni mchezo bora kuliko yote iliyowahi kuonyeshwa, na kuna waliosema hao waigizaji wafungwe.

Jioni ile mtangazaji alianza kwa kusoma maoni ya watazamaji. Mwanamke mmoja wa Murang'a alikuwa ameandika kwamba tangu afiwe na mumewe hakuna aliyemwelewa ila hao watu wa kwenye kioo. Mwingine, hakutaja mji, aliuliza kama nchi imekosa mambo ya kuchekea mpaka ichekee makaburi. Sebuleni nako maoni yaligawanyika hivyo hivyo kabla hata mchezo haujaanza. Ngatia, mwenye duka la vitabu, alikuwa amekaa mbele kabisa, ameshika kofia tayari kujifutia machozi ya kicheko. Mzee Mathenge alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekunja mikono. Wachuka, mwalimu wa darasa la kwanza, msichana mcheshi aliyemzika mama yake mwaka uliotangulia, alikuwa amekaa sakafuni karibu na Tryphosa. Kefa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kifurushi magotini.

Kisha mchezo ukaanza.

Kwenye kioo, mlango wa nyumba ya Mzee Yona ulifunguliwa, akaingia mtu aliyevaa koti la marehemu. Alichechemea kama marehemu. Alikohoa kama marehemu. Akaketi kwenye kiti cha marehemu, akaomba nyama, akaambiwa imekwisha, akaanza kuwahesabia watoto madeni ya utoto wao, nani alivunja mtungi na nani alijikojolea siku ya ubatizo. Mjane wa kwenye mchezo alisimama amezubaa. Halafu mdomo ukaanza kumcheza, halafu akacheka, akacheka mpaka akaangukia kifua cha yule mtani na kulia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mchezo uanze. Nani aliyeuandika mchezo ule, Tryphosa hakujua, lakini alikuwa mtu wa kwao. Hakuna mwingine ambaye angekijua kile kikohozi.

Ngatia alikuwa hoi, kofia imeloa. Wachuka alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akisema kwa sauti ya kukatika kwamba mama yake alipokufa hakuna aliyemruhusu acheke hata kidogo, na mama yake alikuwa mtu wa vichekesho. Mzee Mathenge hakusubiri mwisho. Alipita katikati ya watu, akazima, akafunga milango ya kabati na kugeuza ufunguo.

"Hii ni kuchezea kifo," alisema. "Haiwezi kuwa ndani ya nyumba yangu."

Ngatia alinung'unika kwamba angalau wangeachwa waone mwisho. Wachuka akasema hakuona ubaya. Maneno yakaanza kupanda, huyu hivi na yule vile, na ilipoonekana hayatashuka, Bi Magdaline aliinua mkono, akageuka kumtazama Tryphosa. Hakuwa na ukali wowote. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

"Mwalimu, hao ni watu wa kwenu kwa TV. Hii maneno ni ya ukweli? Ati mtu anavaa koti ya mtu amekufa, anaanza kumuiga, na watu wanacheka?"

Tryphosa aliona nyuso zote, na akaona ile sifa yake, kilio kilichobebwa kama mmoja wetu, ikining'inia hapo mbele ya macho yao. Hakumtazama Kefa. Mtu hawezi kufanya jambo kama lile akimtazama anayemfanyia.

"Hapana, headmistress," alisema. "Labda watu wa zamani sana, wale wa msituni. Sisi ni Wakristo. Hao wa TV wanatuharibia jina tu."

Alisikia sauti yake ikitoka imenyooka, nzuri, sauti ya darasani. Ilikuwa kama haijawahi kusema uongo.

Bi Magdaline akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Mathenge akasema hata yeye alijua hivyo, na kwa kutaka kulimaliza kabisa akamgeukia mgeni aliyekaa karibu na mlango. Afande naye anatoka huko huko, si ndiyo? Yeye anasemaje?

Hapo Tryphosa alilazimika kumtazama. Kefa alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kifurushi, kama mtu anayemtuliza mtoto. Alisimama, maana alikuwa anaongea na mzee.

"Mwalimu amesema kweli," alisema. "Mimi nimezaliwa huko, nimekulia huko. Hiyo kitu sijawahi kuona."

Kisha akaaga mmoja mmoja, akashukuru kwa chai, akasema analala kwa rafiki na njia haijui vizuri. Wachuka, ambaye kwao ni upande ule wa laini za polisi, akajitolea kumwongoza. Wakatoka. Tryphosa alibaki akiosha vikombe vya Bi Magdaline, vikombe ambavyo hakuombwa kuviosha, akivisugua mpaka maua yake karibu yatoke.

Usiku huo hakulala vizuri, na wala hakustahili. Angekasirikiwa ingekuwa nafuu. Kefa angeinuka na kusema, huyu mwanamke anadanganya, koti lenyewe ni hili hapa, angefedheheka mara moja na kumaliza. Badala yake mtu aliyesafiri kutoka Doldol kwa ajili ya kazi moja tu aliikana kazi yake mbele ya wageni ili asimwache yeye peke yake kwenye uongo. Alimfunika. Na Tryphosa alijua vizuri kwamba alipofunikwa alishukuru, kwa dakika nzima alishukuru, na ni hiyo shukrani ndiyo iliyomtia aibu zaidi kuliko uongo wenyewe.

Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa wanapanga foleni ya maziwa ya shule, Bi Magdaline aliingia ofisi ya walimu na karatasi. Alikuwa ameandika malalamiko kwa wakuu wa televisheni, kwa niaba ya akina mama wa kanisa, kuomba mchezo ule usimamishwe. Palikuwa na sentensi iliyosema kwamba hata mwalimu anayetoka magharibi, mjane mwenye heshima, amethibitisha kwamba mila hiyo haipo na ni matusi kwa watu wake. Ilibaki sahihi. Wa kwanza awe Tryphosa.

Tryphosa alichukua kalamu. Akasema wino haushuki. Akasema atasaini baada ya mapumziko, ana watoto wa kuwaona kwanza. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita jikoni, na alipofika barabarani akaanza kukimbia, mwalimu mzima, watu wakimtazama. Angemwambia Kefa, njoo. Angemwambia, tufanye uwanjani, tufanye sokoni, popote unapotaka, na mapazia nitayachoma.

Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Wasike, begi limefungwa, akingoja gari la polisi linalopanda Nanyuki. Koti lilikuwa limekunjwa vizuri kando yake, bila magazeti. Wasike mwenyewe, mtu mzito asiyejua kunong'ona, alipomwona Tryphosa akakumbuka shughuli ndani na kuingia.

Tryphosa aliongea yote aliyokuwa nayo, pumzi zikimkata. Kefa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, imeshafanyika," akasema.

Ilifanyika alfajiri, kabla ya gwaride. Watu wote wa magharibi waliokuwa laini, na baadhi ya Wakamba, na Wakikuyu waliofanya kazi na Seth barabarani, walikusanyika kwenye ule uwanja mdogo wenye mabomba ya maji. Kefa hangeweza kurudi Doldol na koti ambalo halijavaliwa. Likizo nyingine haipo, na Seth alikuwa amesimama mlangoni muda wa kutosha. Walicheka mpaka inspekta akatoka na pajama kuuliza kuna nini, naye akakaa. Wasike alilia kama mtoto.

"Kitambaa unaweza kutoa sasa," Kefa alimwambia, tena kwa upole. "Matanga imekwisha."

"Waliuliza niko wapi?"

"Waliuliza. Nikasema kichwa inakuuma."

Mara ya pili amemfunika. Tryphosa alitaka ardhi impokee. Alitazama mabomba yale ya maji, yakidondoka kama kawaida, na matope yaliyokanyagwa na viatu vingi. Hapo ndipo mumewe alipopita mara ya mwisho, alfajiri ile, ndani ya koti lake, na yeye alikuwa nyumbani akipiga pasi sketi ya kwenda kazini. Akauliza jambo ambalo aliogopa kuliuliza. Ni nani aliyesimama mahali pake? Ni nani aliyeuliza lile swali? Maana lazima aulize mwanamke, na mke wa Wasike alikuwa amekwenda nyumbani kulima.

Kefa alikunjua na kukunja upya mkono wa koti.

"Ni yule mwalimu mwenzako. Wachuka. Jana tukitembea aliniuliza kama nimesema ukweli kwa mzee. Nilishindwa kumdanganya mara mbili. Akaja asubuhi, amejifunga shuka. Hakuna mwingine, nikamfundisha maneno."

Gari lilikuja. Kefa alimkabidhi koti, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda nyuma pamoja na magunia. Hakumlaumu kwa neno moja, wala wakati huo wala baadaye. Kuna watu wenye roho nzuri kiasi cha kukuumiza.

Alirudi shuleni akiwa amelivaa. Hakupanga iwe hivyo. Baridi ilikuwa kali, na kulibeba kwapani kulifanana mno na kulificha. Lilimfikia karibu na magoti. Alipita uwanjani katikati ya watoto, akaingia ofisi ya walimu ambamo wote walikuwa wamekusanyika kwa chai, na Bi Magdaline alikuwa mezani na ile karatasi.

"Headmistress, mimi siwezi kuweka sahihi," alisema Tryphosa akiwa bado mlangoni. "Ile kitu ni ya ukweli. Watu wa kwetu hufanya. Wamefanyia bwana yangu leo asubuhi, kwa laini za polisi, na mimi sikuwa. Sikuwa kwa sababu niliwaonea nyinyi haya."

Wachuka aliinamisha kichwa. Tryphosa alingoja akemewe. Alikuwa tayari kwa dharau, kwa kuitwa mwongo, kwa kuondolewa kwenye benchi la mbele kanisani. Bi Magdaline alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mimi hiyo mchezo siipendi," alisema hatimaye. "Jana sikuipenda na leo siipendi. Lakini Seth alikuwa mtu wangu. Ndiye alinisaidia gari yangu ikizama matope huko Endarasha, akaharibu viatu vyake. Kama ungeniambia, ningekuja. Hata kama ningekaa hapo nimenuna, ningekuja." Akaikunja ile karatasi mara moja, akaiweka ndani ya kitabu. "Wewe ulifikiri mimi ni mtu wa namna gani?"

Hilo Tryphosa hakulitarajia. Alidhani amemkosea Seth, na Kefa, na watu wa kwao. Sasa aliona amemkosea hata huyu mwanamke aliyeketi usiku mzima kando ya kitanda chake siku ile ya habari mbaya, kwa kumdhania udogo ambao hakuwa nao. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwauliza watu hawa chochote. Aliwajibia mwenyewe, kisha akaishi kwa majibu hayo.

Alivua koti. Akavuka chumba mpaka alipokuwa Wachuka, akalinyoosha mbele yake kwa mikono miwili.

"Nionyeshe," alisema. "Nimekosa kumuona. Nionyeshe alivyofanya."

Wachuka alisita, akasema yeye si mtani, yeye ni mtu wa kuangalia tu, atakosea. Tryphosa hakurudisha mikono. Basi Wachuka akainuka, akalivaa koti lile kubwa, akatoka nje na kufunga mlango nyuma yake. Walisikia viatu vikija. Vikasimama. Kisha mlango ukafunguliwa, na mtu aliyesimama hapo alikuwa na bega moja limeshuka. Alisugua kiatu cha kulia nyuma ya suruali ambayo hakuwa nayo, kisha cha kushoto, kwa makini sana, halafu akaingia na matope yale yale. Alikwenda dirishani, akautazama mlima uliokuwa mweupe bila wingu hata moja, akatangaza kwa sauti nzito kwamba leo lazima inyeshe. Akamwona ng'ombe wa mlinzi huko nje. Akamwamkia kwa Kikuyu, kwa adabu zote, akasubiri ajibiwe.

Ndiye. Lilikuwa jambo lililopita mikononi mwa watu wawili, Kefa akamchukua Seth na Wachuka akamchukua Kefa, na bado alikuwa ndiye. Mwalimu mmoja alipaliwa na chai. Mwingine akapiga meza. Bi Magdaline alijaribu kununa, akashindwa, akafunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakitikisika. Wote walimjua. Miaka yote Tryphosa alidhani mambo yale ya Seth ni ya ndani ya nyumba yake, mambo ya kuonewa haya kidogo, na kumbe mji mzima ulikuwa nayo, umeyatunza.

Kisha wakatulia, wakamtazama yeye. Wachuka alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imezama ndani ya mikono ya koti, akingoja.

Tryphosa alijua maneno aliyopaswa kusema. Aliyajua tangu utotoni, aliwasikia bibi zake wakiyasema.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mwenye nyumba," alisema Wachuka.

Tryphosa akacheka. Kicheko chake kilichelewa, kilitoka peke yake wakati wengine wote wameshamaliza, na kilipogeuka kilio hakuwa na leso, akafutia mkono. Bi Magdaline alikuja akasimama karibu naye. Kengele ilipolia watoto waliingia madarasani, na Tryphosa akaenda kuwafundisha hesabu akiwa bado amefunga kitambaa chake cheusi. Kefa alikuwa amempa ruhusa ya kukifungua, lakini ruhusa ile aliiona ni ya mwanamke aliyekuwepo alfajiri ile.